SISI NI BAKI TU!

Nusura niliache somo la Fizikia nilipoingia kidato cha tatu. Kilichonizuia ni swali moja tu: maada yote tuionayo ilitoka wapi?

Wanasayansi wanatueleza kwamba ulimwengu ulianza yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwanzoni kulikuwa na joto la ajabu na nishati tele. Mwaka wa 1905, Albert Einstein alionyesha kuwa maada na nishati ni kitu kimoja chenye sura mbili. Basi nishati ile ikawa inageuka chembe. Lakini kumbe chembe huzaliwa mbili mbili, kila moja na kinyume chake! Elektroni, kwa mfano, ina mwenzake iitwayo positroni, iliyogunduliwa na Carl Anderson mwaka wa 1932. Zikikutana, zote mbili huangamia na kugeuka mwanga.

Hapo nikakuna kichwa. Kama zilikuwa sawasawa, mbona vitu vyote havikuisha? Jibu ni kwamba hazikuwa sawa. Kwa kila chembe za kinyume bilioni moja hivi, za maada zilikuwa bilioni moja na moja. Zile bilioni zikamalizana, ile moja ikabaki. Kutokana na mabaki hayo zikaja nyota, dunia, hata mimi na wewe. Kweli haba na haba hujaza kibaba.

Lakini ile moja ilizidi kwa nini? Mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika. Hebu wenzangu, tusiikimbie Fizikia. Huenda atakayejibu yuko papa hapa darasani.