Kubaini na Kubadilisha Kapasita Iliyokufa katika Televisheni ya Neli

Televisheni ya zamani inapoonesha mstari mmoja wa mlalo unaong'aa katikati ya kioo huku sauti ikisikika, mwenye nayo hudhani kuwa neli ya picha imekufa. Hoja ya makala haya ni kwamba dhana hiyo haina msingi. Kuwapo kwa mstari ni ushahidi kuwa neli, umeme wake wa volti za juu na saketi ya mlalo vinafanya kazi. Kilichoshindwa ni saketi ya wima, inayotandaza picha kutoka juu hadi chini.

Katika seti nyingi, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya kielektroliti iliyounganishwa mfululizo na koili za wima. Joto la miaka mingi hukausha kimiminika chake. Inapodhoofika, picha hupungua kimo. Inapokatika kabisa, mkondo haupiti, na picha husinyaa kuwa mstari.

Fundi apunguze mwanga mara moja, kwani mstari huo huweza kuunguza kioo kwa ndani. Kisha achomoe umeme na kuondoa chaji iliyobaki. Neli ya rangi hutumia zaidi ya volti 20,000. Kapasita ipimwe ikiwa imetolewa ubaoni, kwa kuwa vifaa jirani hupotosha kipimo. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, na ncha yake hasi ikae penye hasi; ikigeuzwa huweza kupasuka. Mstari ukibaki, zikaguliwe lehemu zilizopasuka na transista za wima.

Hivyo, kosa la utambuzi lina gharama kuliko hitilafu yenyewe: kapasita ingali ikiuzwa madukani, ilhali neli mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyotupwa ni adimu.