Epigrafu na Dhana ya Mhalifu Msomi katika Riwaya ya Upelelezi: Mfano wa Gaudy Night

Epigrafu, yaani dondoo tangulizi, ni maneno ya mwandishi mwingine yanayowekwa mwanzoni mwa kitabu au sura, kabla msimulizi hajaanza kusema. Katika Seuils (1987), Gérard Genette anaihesabu miongoni mwa vizingiti vya matini na kuipa dhima nne: kufafanua anwani, kufafanua matini yenyewe, kuazima hadhi ya mwenye maneno, na kuashiria, kwa kule kuwapo kwake tu, kwamba kazi husika inajiweka katika safu ya fasihi ya wasomi. Katika riwaya ya upelelezi ni rahisi kuishia kwenye dhima ya pili na kuisaka epigrafu kama kidokezo. Makala hii inadai kwamba dhima ya nne ndiyo yenye athari kubwa zaidi, kwa sababu inamwelekeza msomaji amshuku nani na amsahau nani.

Uzito wa suala hili unatokana na kanuni za utanzu wenyewe. Mwaka 1929 Ronald Knox alichapisha amri kumi za hadithi ya upelelezi, ambazo msingi wake ulikuwa kumtendea msomaji haki: mpelelezi asigundue kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa. Epigrafu inaupindua uhusiano huo. Sasa ni msomaji anayeonyeshwa kitu ambacho mpelelezi hakioni, kwani wahusika hawasomi vichwa vya sura wanamoishi. Kwa kuwa amri hizo hazigusi maneno yaliyo nje ya usimulizi, mwandishi anaweza kuyatumia kupotosha bila kuvunja hata moja.

Dorothy L. Sayers aliitumia nafasi hiyo kwa ustadi katika Gaudy Night (1935). Kisa kinatokea Shrewsbury, chuo cha kubuni cha wanawake mjini Oxford, ambako mtu asiyejulikana anasambaza barua za matusi na kuharibu maandiko ya wanataaluma. Hakuna mauaji. Kitabu kinafunguliwa na maneno ya John Donne yanayofananisha chuo kikuu na pepo (kejeli iliyo wazi, ukizingatia yanayofuata), kisha sura zinatanguliwa na madondoo ya waandishi wa karne ya 16 na ya 17, wakiwamo Philip Sidney na Robert Burton, mtunzi wa The Anatomy of Melancholy (1621). Anayevivuka vizingiti hivyo sura baada ya sura anazoea kuamini kwamba mahali hapa kila neno zito lina chanzo chake maktabani.

Ndani ya kisa, sanamu iliyovikwa joho inakutwa imetundikwa katika kanisa la chuo, pamoja na karatasi yenye maneno ya Kilatini kutoka Aeneid, utenzi wa Virgil. Hitimisho linalofikiwa linaonekana la kimantiki: anayemnukuu Virgil hawezi kuwa mtumishi. Shaka inawaangukia walimu wenyewe, ikichochewa na dhana ya zama hizo kwamba mwanamke msomi asiyeolewa ni mwepesi wa kuvurugikiwa akili. Kumbe mhalifu ni Annie, mtumishi wa chuo na mjane wa mwanahistoria aliyeporomoka baada ya mmoja wa walimu hao kufichua kwamba alificha ushahidi uliopinga hoja yake, na ambaye hatimaye alijiua. Kilatini kile Annie alikipata kwa mumewe. Hakuhitaji kukielewa ili kukitumia.

Karatasi hiyo, kwa umbo lake, ni epigrafu: maneno ya mwingine, yaliyong'olewa katika muktadha wake na kubandikwa juu ya tendo lisilo na jina la mtendaji. Wapelelezi wanapotoshwa na karatasi. Msomaji anapotoshwa na karatasi na vichwa vya sura pia. Methali isingefanya kazi hiyo. Methali haina mwenyewe, na mtumishi na profesa huitamka kwa haki sawa. Epigrafu ina jina chini yake, na jina hilo huuliza mnukuzi alisomea wapi. Sayers anaufichua ubaguzi huo na papo hapo anafaidika nao. Annie anapewa nafasi ya kumwaga hasira yake mbele ya walimu, lakini vizingiti vya riwaya vinabaki mikononi mwa waliosoma.

Colin Dexter, ambaye riwaya zake 13 za Inspekta Morse (1975–1999) zina makao yaleyale ya Oxford, aliuchezea uaminifu huu kwa njia nyingine. Miongoni mwa epigrafu zake za kweli alichomeka za kubuni, baadhi zikihusishwa na Diogenes Small, mwandishi ambaye hakuwahi kuwapo nje ya vitabu vya Dexter. Msomaji anayelipokea jina hilo kwa heshima, kwa kuwa tu limepangwa pamoja na majina makubwa, anakosea kama walivyokosea walimu wa Shrewsbury walipoiona karatasi ya Kilatini.