Vitu Zenye Utahama Nazo

Keja yangu ya kwanza Pipeline ilikua graundi floo. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa, bado ningewasha taa ndio nijue kama sukuma imeiva ama imeungua. Dirisha ilitazama ukuta ya ploti ingine, na ukinyosha mkono ungeiguza. Kama ushaishi hizi ploti unajua form: singo ya ten bai ten, koridoo refu, milango pande zote mbili, choo ya kushea huko mwisho, na mitungi ya maji siku mfereji imekauka.

Jina ya mtaa inatoka kwa ile laini ya mafuta ya Mombasa hadi Nai, yenye ilianza kazi 1978. Mafuta inapita, na wengi wetu pia tunapita. Mse anatoka ocha na begi moja, anashika singo, anasaka wera Inda ama mjengo. Akiomoka kidogo anahamia Fedha ama Nyayo. Akisota anahama usiku. Kila mwisho wa mwezi utaona mikokoteni imebeba godoro, meko na sufuria. Ndio maana watu husema, "Keja si yangu, natengenezea nani?" Mimi pia nilisemanga hivyo. Wacha nikuchapie venye nilichanuka.

Kesi ya kwanza ya korona Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Mwezi wa nne, mahali nilikua nafunga katoni wakatuambia twende home, watatuita. Hawakuita.

Nilikaa kwa hiyo giza mwezi mzima. Nilikua nalala hadi saa saba mchana, nikiamka nakopa kwa simu ndio nilipe deni ingine ya simu, jioni nasaka keroro ya kufukuza mawazo. Mathe akipiga kutoka ocha sishiki, juu nilijua ataniuliza nimekula nini. Wanaume wa Pipeline wako na neno ya hiyo hali: presha. Mtafiti anaitwa Mario Schmidt alifanya utafiti hapa mtaani na wasee wametoka ocha kusaka maisha, akaandika kitabu mzima, ikatoka 2024. Hiyo presha ndio moyo wa kitabu. Mimi niliijua kabla iandikwe, juu ilikua imenikalia kifuani.

Ukuta moja

Kitu ilinishtua ni ukuta. Nilivuta godoro nikisaka mbao yenye ilikua imeanguka, nikapata kuvu nyeusi imepanda kutoka sakafu hadi usawa wa magoti. Kila usiku nilikua nalala nikipumua hiyo kitu.

Sikua na doh ya kubadilisha maisha. Nilikua na soo mbili. Nikanunua Jik, nikafunga kitambaa mdomoni, nikafungua mlango, nikapaka, nikangoja, nikasugua na brashi ya viatu. Kama utafanya hii, usichanganye Jik na ile dawa kali ya kuosha choo, juu hewa yenye inatoka hapo inaweza kukuangusha. Nilimaliza vidole zimekauka kama ganda ya muhogo. Nikakaa chini nikaicheki. Kwa mwezi mzima, hiyo ndio kitu ya kwanza nilikua nimeanza nikamaliza.

Siwezi kukudanganya ati presha iliisha. Lakini usiku huo nililala kichwa ikiwa upande wa ukuta safi, na asubuhi nikaamka nikitaka kujua kona ingine iko aje.

Hesabu ya fundi

Floo ya tano kulikua na fundi wa rangi, mzee wa miaka hamsini na kitu. Nilimpata kwa ngazi nikamuuliza rangi ni pesa ngapi. Hakunijibu bei.

"Kijana, rangi hainunuliwi kwa macho. Ushapima?"

Akaingia kwangu, akapima kwa hatua. Kuta nne, kila moja mita tatu, urefu wa kwenda juu mita mbili na nusu. Hiyo ni kama mita 30 za mraba. Lita moja inafunika karibu mita 10 ukipaka mara moja, na lazima upake mara mbili. Kwa hivyo lita sita, na mlango unakuachia kidogo ya kurudia mahali haijashika. "Chukua nyeupe ama krimu," akaniambia. "Mwanga wako ni kidogo, usiupatie ukuta nyeusi iumeze."

Alafu akanifunza kitu yenye watu wengi huruka. Kwanza unakwangua rangi imebambuka. Unaziba shimo na filla, unangoja ikauke, unapiga msasa, unapangusa vumbi. Ukikimbilia rola kabla ya hizo, rangi itakaa miezi sita ianze kudondoka kama magamba.

Doh ya hiyo rangi ilinichukua miezi mbili, nikibebea watu mitungi hadi floo ya saba. Nilipanda ngazi hadi nikajua kila kigae imevunjika. Kabla nifungue mkebe nilibonga na keateka, na nikaomba jibu kwa meseji, ndio siku ya kuhama nisiambiwe dipoziti imeliwa na rangi. Hiyo meseji ni ya maana kama brashi. Usiipuuze.

Nilipaka Jumamosi na Jumapili. Jioni nikawasha balbu ileile, na kwa mara ya kwanza nikaona keja yangu iko na kona nne.

Yenye inabaki, yenye inahama

Hapo ndio nilipata kanuni yangu. Ukiwa tenanti, weka doh mob kwa vitu zenye zitapanda mkokoteni na wewe. Rafu nilitengeneza na kreti za mbao za nyanya, nikazipiga msasa, nikazifunga moja juu ya ingine na skrubu. Ukitoa skrubu zinashuka. Mkeka wa mbao, ule wa plastiki umekua kila keja ya Nai, usiugande na gluu. Utandaze, ukate vizuri kwa kona, siku ya kuhama unaukunja. Kitanda niliinua na mawe nne, chini kukakua stoo. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na ile ya kitambo ya wati 60, na tokeni inakaa. Hiyo balbu pia ni yako. Unaifungua unaenda nayo.

Lakini kuna kitu hufai kuguza. Waya ikitoa cheche, ita fundi wa stima. Na ukiona ufa kwa nguzo ama kwa boriti, usizibe na filla ndio keja ikae poa. Piga picha, onyesha majirani, itisheni ukaguzi mkiwa wengi. Tarehe 6 Desemba 2019, ploti ya floo sita iliporomoka Tassia, hapo tu jirani yetu, na watu wasiopungua 10 wakapoteza maisha. Ufa ni onyo, na onyo haifai kupakwa rangi.

Na lazima niseme hii pia. Rangi yangu haikutoboa dirisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ako na haki ya makao ya kufaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Choo moja ya koridoo mzima haitoshi hiyo haki, hata kama ndani kwako kunang'aa. Tengeneza keja juu unaishi humo leo. Endelea kudai juu unafaa kuishi poa zaidi kesho.

Kupima, kuziba, ndio upake

Hesabu ya fundi nilikuja kuipeleka kwa maisha yangu. Kupima: nilinunua daftari, nikaandika kila deni, jina na pesa. Nilikua naogopa hiyo jumla kuliko kitu ingine yoyote, na kumbe ilikua chini ya venye nilikua nawaza usiku. Kuziba: nikafuta zile app za mkopo, nikaanza kulipa pole pole, ndogo kwanza. Keroro nikaipunguza kwa kuhama njia, nikaacha kupitia ile kona ya mabeshte jioni. Na nikampigia mathe.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, mathe."

"Haya. Tuongee tu."

Tulibonga hadi kredo ikaisha. Kama hauna mathe wa kupigia, Red Cross wako na laini ya bure, 1199, unabonga na mtu anajua kusikiza. Mse kupiga hiyo namba si udhaifu. Ni kama kuangalia nyuma ya godoro: kuvu iko hapo, ujue ama usijue.

Rangi ilikuja mwisho. Majirani walicheki keja, mmoja akaniuliza nani alipaka, nikampakia yake. Alafu wa floo ya tatu. Alafu fundi akaanza kuniita kwa kazi zake wikendi.

Mwaka wa 2022 nilihama, ploti ileile, floo ya nne, mahali jua linaingia saa mbili asubuhi na kukaa hadi saa nne. Nilibeba rafu, mkeka, balbu, daftari na ile mkono imejua kupaka. Ukuta nyeupe nikauacha.

Mwenye alikuja kuingia alikua mathe mchanga na mtoi wa miaka miwili. Alisimama mlangoni na begi akatazama ndani. Akaniambia ameangalia singo sita za graundi floo hiyo wiki na hii ndio ya kwanza ameona uso wa mtoi wake bila taa. Akaniuliza ikichafuka atafanya aje.

Nikashusha begi. Nikamwonyesha mahali filla imekaa, nikamwambia lita ngapi, nikamwachia rola.