Gari la Zamani Halitaki Kulala

Wenye magari ya zamani wanaokuja gereji huanza maelezo kwa namna moja. Gari liliegeshwa likiwa zima kabisa. Halikugongwa, halikuzidishiwa mzigo, hakuna aliyeligusa. Lakini baada ya miezi kadhaa bandani linakataa kuwaka, au linawaka na kuzima, au pedali ya breki inazama mpaka sakafuni. Mwenyewe anaona amedhulumiwa, maana alilifunika turubai, akawakataza watoto kulipanda, na alikuwa akisubiri sikukuu ndipo alitoe.

Utunzaji wa namna hiyo ndio unaoliua. Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Land Rover za Series na Datsun 160J ni magari yaliyoundwa kwa kazi. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Peugeot 504 iliyokuja 1968 ilisafirisha abiria kwa miaka mingi kwenye barabara ndefu za Kenya, viti vyote vimejaa na mizigo imefungwa juu ya paa. Chuma cha namna hiyo hakichoshwi na safari. Kinachoharibika upesi ni petroli, mafuta ya breki, raba na betri, na vyote hivyo huharibika hata gari likiwa limesimama.

Tuanze na petroli. Ndani ya kabureta kuna bakuli dogo lenye boya, linalohifadhi petroli kidogo tayari kwa injini. Bakuli hilo lina tundu la hewa, kwa hiyo gari likikaa majuma machache kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, petroli ile hugeuka mvuke kidogo kidogo mpaka bakuli linakauka. Kinachobaki ni utando wa kahawia unaonata, nao huziba jeti, yaani vitundu vyembamba vinavyopima petroli ya kuingia kwenye injini. Siku ya kuwasha, pampu ya petroli haina msaada wa haraka, kwa sababu katika magari haya huendeshwa na injini yenyewe. Lazima stata izungushe injini kwa muda mrefu kabla bakuli halijajaa, na betri iliyokaa bila kuchajiwa haiiwezi kazi hiyo. Mwenye gari ananunua betri mpya, na jeti zinabaki zimeziba vilevile. Baadhi ya pampu za zamani zina kijiti pembeni cha kupampia kwa mkono. Ni wachache wanaojua kuwa kipo. Kitafute, ujaze bakuli kwanza, halafu ndipo uguse swichi.

Hapa wengi hunijibu kwamba wao huliwasha gari kila Jumamosi, dakika 5, palepale uani. Ningependa waache. Injini baridi ambayo choki yake imevutwa hupewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuunguza. Ile isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Tena petroli ikiungua huzaa maji, karibu lita moja kwa kila lita ya petroli. Injini ikishapata moto maji hayo hutoka kama mvuke, lakini ikiwa baridi hubaki ndani ya ekzosi na chini ya kifuniko cha valvu. Fungua kifuniko cha kumiminia oili cha gari linalowashwa uani tu, na mara nyingi utakuta povu zito la rangi ya maziwa. Gari linahitaji barabara, kilometa 20 au 30 za mwendo wa kawaida, kwa sababu oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Geji ya joto ikifika katikati haina maana kwamba oili imefika.

Breki zinanitia hofu kuliko injini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limelala. Mafuta mapya ya DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3 hadi 4, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu kama wa Lushoto kwenda Mombo, au wa Kitonga, breki za ngoma hupata moto mkali. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndipo mguu unapozama bila gari kupunguza mwendo. Maji hayohayo hutafuna ukuta wa ndani wa masta silinda na kuuachia vishimo vya kutu, ambavyo hukata raba siku utakapoanza tena kukanyaga. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mrija mmoja ukipasuka, breki zote za mguu zimekwenda. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2 hata kama gari halikutoka bandani. Unapoliegesha kwa muda mrefu, weka kigingi kwenye gurudumu na usivute hendibreki, maana viatu vya breki vinaweza kugandana na ngoma kwa kutu.

Kuna matatizo ambayo si ya kulala, nayo yanatokana na jinsi magari haya yalivyo: hayana kompyuta ya kurekebisha chochote. Kabureta iliyopimwa vizuri Mombasa hutoa petroli kwa hesabu ya hewa ya pwani. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15. Hewa imepungua, lakini petroli haikupungua kwa kiasi hichohicho. Gari linaanza kutoa moshi mweusi, plagi zinafanya masizi, nguvu inashuka na matumizi yanapanda. Fundi asiyeuliza gari limetoka wapi anaweza kubomoa injini isiyo na kasoro. Anayehamisha gari kutoka pwani kwenda bara anahitaji jeti ndogo zaidi na taiming kupimwa upya, na akirudi pwani arudishe za awali. Akisahau kurudisha, injini inapewa petroli kidogo mno kwa hewa ya pwani, inapata moto kupita kiasi, na hapo hasara ni kubwa kuliko moshi.

Mlimani kuna jambo jingine linalowatisha wageni wa magari haya. Gari limepanda vizuri, dereva amesimama kununua viazi kando ya barabara, akirudi halishiki. Petroli imechemka ndani ya mrija uliopita karibu na ekzosi, na pampu inavuta mvuke. Madereva wa zamani walilowesha kitambaa wakakizungushia pampu, wakangoja. Njia hiyo bado inafaa, ila tiba ya kudumu ni kuusogeza mrija mbali na joto au kuuvika kinga.

Dalili kama hizo huletwa pia na kondensa, kifaa kidogo kilicho kwenye distribyuta kinacholinda pointi, yaani vibamba vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, zisiungue. Kondensa mbovu hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, kwa hiyo watu huilaumu petroli. Ukikwama, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke ndani yake plagi ya akiba, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, kisha mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya njano na dhaifu, tatizo ni la umeme. Pointi zenyewe huchakaa, na nafasi yao, ambayo kwenye Beetle ni milimita 0.4, lazima ipimwe mara kwa mara. Wapo wanaoziondoa na kuweka mfumo wa kielektroniki. Kwa gari la kuendea kazini kila siku nakubaliana nao, mradi vile vya zamani vibaki ndani ya buti. Mfumo wa kielektroniki ukifa njiani hautengenezeki. Pointi unaweza kuzisugua kwa msasa ukafika nyumbani.

Petroli nayo imebadilika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Kwa afya za watoto wetu huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Lakini risasi ilikuwa pia ikikinga makalio ya valvu, yaani sehemu ambazo valvu hukalia zinapofunga, na baadhi ya watu wameambiwa kila gari la zamani lazima litiwe dawa kwenye tangi. Si kila gari. Injini za Peugeot 404 na 504, na ya Beetle, zina silinda hedi za aluminiamu, ambazo makalio yake ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Wanaopaswa kuwa macho zaidi ni wenye magari ya Kiingereza yenye hedi ya chuma cha kusubu, kama Morris Minor na Mini, hasa wanaokwenda mwendo mkubwa kwa masafa marefu.

Na hapo kuna somo la masikio. Kalio likiliwa, au valvu yenyewe ikirefuka kwa joto, nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma hupungua, na ile kelele ya tik-tik-tik hupotea. Mwenye gari hufurahi kwamba injini imetulia, wakati valvu imeacha kufunga sawasawa na inaungua. Kwenye Beetle, silinda namba 3 huwa hatarini zaidi, kwa sababu katika injini za kabla ya miaka ya 1970 kipoza oili kilikaa kwenye njia ya hewa inayoipoza. Kelele ndogo, sawa na ya jana, ni dalili nzuri. Valvu za Beetle zikaguliwe kila kilometa 5,000, injini ikiwa baridi kabisa, na siku hiyohiyo ubadilishe oili, maana injini ile inabeba lita 2.5 tu na haina filta zaidi ya chujio la waya.

Beetle ina mambo yake, na nakiri nayapenda. Zile za kabla ya miaka ya 1960 hazikuwa na geji ya petroli. Gari likianza kukohoa, dereva aligeuza kijiti kwa mguu akapata akiba ya lita chache. Baadaye maji ya kuoshea kioo yakasukumwa kwa upepo wa tairi la spea, hivyo ukikuta spea imeishiwa upepo anza kutazama mrija huo. Zile za umeme wa volti 6, usiziunganishe na betri ya volti 12 ili kuziamsha. Vivyo hivyo magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yamefungwa waya wa chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Angalia kabla ya kuazima umeme wa jirani.

Anayetaka kununua Land Rover ya Series pwani asidanganywe na bodi. Bodi ni ya aluminiamu na haiozi kama bati la kawaida, lakini fremu inayoibeba ni ya chuma, na hewa ya chumvi huila kutoka ndani. Lala chini ya gari na nyundo ndogo. Panapolia mlio mzito na kubonyea, pameoza, na bei ishuke au uondoke.

Kwa aliyeachiwa gari na mzazi, likawa limekaa miaka chini ya mwembe, ombi langu ni asipige stata kwanza. Mwaga petroli ya zamani, badilisha oili, toa plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, uache usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono mpaka iwe laini. Badilisha mipira na mafuta yote ya breki kabla gari halijasogea, na matairi pia, hata kama kashata bado zimesimama, kwa sababu raba huzeeka kwa miaka. Likishawaka, liendee sokoni, kazini, msibani. Walau mara moja kila majuma mawili litoke barabarani mpaka lipate moto.