Je, Wajua? Wapenzi Walioachana Wakarudiana Vitabuni

Je, wajua kwamba riwaya ambayo wasomaji wengi huitaja kwanza wanapozungumzia mapenzi ya kurudiana iliandikwa na mwanamke ambaye afya yake ilikuwa inamtoka? Jane Austen wa Uingereza alianza kuiandika Persuasion mwezi Agosti 1815. Mwaka uliofuata mwili ulianza kumgomea, na Mei 1816 alikwenda Cheltenham kutafuta nafuu kwenye maji ya chemchemi. Kalamu hakuiweka chini. Mwishoni mwa mswada aliandika kwamba amemaliza, akatia na tarehe: 18 Julai 1816. Alifariki tarehe hiyohiyo ya mwaka uliofuata, akiwa na miaka 41. Kitabu kilitoka Desemba 1817, pamoja na maelezo mafupi ya kaka yake Henry ambayo kwa mara ya kwanza yaliwatajia wasomaji jina la mwandishi.

Hadithi yenyewe inasimulika kwa maneno machache. Anne Elliot, akiwa na miaka 19, alichumbiwa na Frederick Wentworth, mwanamaji kijana asiye na kitu. Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, alimshauri auvunje uchumba huo, naye akakubali. Miaka 8 baadaye Wentworth anarudi akiwa nahodha mwenye mali, huku Anne, sasa ana miaka 27, nuru ya uso imefifia na baba yake amezama katika madeni. Kinachonivutia ni jinsi Austen alivyokataa kuuachia muda kazi ya kuponya. Miaka yote hiyo haikupoza lolote: mwanamume amerudi na kinyongo chake, mwanamke bado ana majuto yake, na wote wawili wanakaa katika chumba kimoja wakiulizana habari za hali ya hewa.

Je, wajua kwamba mwisho tunaousoma leo sio ule alioutia tarehe? Katika mwisho wa kwanza, Wentworth anatumwa na shemeji yake, Admirali Croft, amuulize Anne kama ni kweli anaolewa na binamu yake. Anne anasema hapana, na mambo yanaisha hapo. Mpwa wa Austen alisimulia katika kitabu cha 1870 kwamba shangazi yake alikwenda kulala akiwa hakuridhika, kisha akaanza kuzisuka upya sura hizo. Hadi mwanzoni mwa Agosti alikuwa amepata mwisho mwingine. Safari hii Anne yuko katika hoteli mjini Bath, anajadiliana kwa upole na Kapteni Harville juu ya nani hudumu zaidi katika mapenzi, mwanamume au mwanamke. Wentworth, aliyeketi karibu akiandika barua ya shughuli nyingine, anayasikia maneno yake, anavuta karatasi na kumwandikia yeye.

Tofauti ya miisho hiyo miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ule wa kwanza Anne anajibu swali aliloulizwa. Katika wa pili anasema yaliyo moyoni mwake kwa hiari yake, yeye ambaye miaka 8 iliyopita aliwaacha wengine wamsemee, na kauli yake ndiyo inayofungua mlango. Mwandishi mgonjwa angeweza kuuacha ule mwisho wa kwanza ulivyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Sura alizozikataa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, nazo ndizo kurasa pekee zinazojulikana za mwandiko wake kutoka katika riwaya 6 kubwa alizozikamilisha.

Na utajiri wa Wentworth je, ulitoka wapi? Ulitoka kwenye meli za adui. Sheria za zama zile ziliwaruhusu wanamaji kugawana thamani ya meli walizoziteka vitani, na nahodha alipata fungu nono. Wentworth alijikusanyia pauni 25,000. Austen aliyajua mambo hayo ya majini kutoka nyumbani, kwa kuwa ndugu zake wawili, Francis na Charles, walikuwa wanamaji na wote walifikia cheo cha admirali. Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa leo hulipita bila kulitambua. Hadithi inaanza mwaka 1814, Napoleon akiwa amepelekwa kisiwani Elba, na inafikia tamati muda mfupi tu kabla hajatoroka Februari 1815. Wasomaji wa kwanza walijua vizuri kwamba vita vilikuwa karibu kurudi, na furaha ya wawili wale waliisoma wakilijua hilo.

Katika riwaya hiyohiyo yumo Kapteni Benwick, mwanamume aliyefiwa na mchumba wake, anayejizamisha katika mashairi ya huzuni ya Walter Scott na Byron. Anne anamshauri kwa staha aongeze na nathari katika usomaji wake, akimtajia waandishi wa kumtia nguvu. Hiyo ni tiba ya vitabu, karne nzima kabla ya Samuel Crothers, mchungaji wa Marekani, kuipa jina lake la kitaalamu katika makala ya mwaka 1916. Muda huohuo vitabu vya Austen vilikuwa vikifanya kazi hiyo katika nyumba moja ya Uingereza. Rudyard Kipling alimpoteza mwanawe wa pekee wa kiume, John, katika mapigano ya Loos mnamo Septemba 1915, kijana aliyetimiza miaka 18 mwezi uliotangulia. Katika msiba huo Kipling alikuwa akimsomea mkewe na binti yake riwaya za Austen kwa sauti. Mwaka 1924 alichapisha hadithi fupi ya askari wa mizinga wanaofarijiana kwa vitabu hivyo katikati ya vita, na baadaye akaiambatanisha na shairi ambamo Austen anaozwa peponi. Bwana harusi alikuwa anasoma Persuasion.

Wachapishaji nao waliona mapema kwamba mahaba na uponyaji huuzika pamoja. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na ya Harlequin mjini Winnipeg, Kanada, mwaka 1949. Harlequin ilipoanza kutoa upya vitabu vya Waingereza hao mwaka 1957, cha kwanza kilikuwa cha Anne Vinton kiitwacho The Hospital in Buwambo. Madaktari na wauguzi waliopendana wakiwa kazini wakawa biashara kubwa, hata Harlequin ikainunua Mills & Boon mwaka 1971. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani, kilichoanzishwa 1980, kimeweka masharti mawili tu kwa aina hii ya riwaya: mapenzi yawe ndiyo kiini, na mwisho uwe wenye kuridhisha moyo na kutia matumaini. Wapo wanaolidharau sharti hilo la pili. Mimi naliheshimu, kwa sababu msomaji aliyehakikishiwa mwisho mwema huweza kutazama machungu makali sana bila kukifunga kitabu.

Si kila anayesubiri hupona. Katika Love in the Time of Cholera ya Gabriel García Márquez (1985), Florentino Ariza anamngoja Fermina Daza kwa miaka 51, miezi 9 na siku 4, kisha anarudia ahadi yake usiku uleule ambao mwanamke amekuwa mjane. Mwanzo wa penzi lao ulichotwa katika uchumba wa wazazi wa mwandishi mwenyewe: baba alikuwa mpiga simu za telegrafu ambaye familia ya binti ilimkataa. Ni kazi kubwa, lakini Florentino anawaumiza wengi njiani, akiwemo msichana mdogo aliyekabidhiwa amlee, na jeraha lake analipeleka hadi uzeeni likiwa bichi.

Kwa hiyo ukitaka riwaya ya siku zetu inayobeba uponyaji kwa dhati, tafuta Seven Days in June ya Tia Williams, iliyotoka mwaka 2021. Eva Mercy ni mama anayemlea binti yake peke yake huko Brooklyn, naye huandika vitabu vya wachawi na vampaya. Shane Hall ni mwandishi anayetunukiwa tuzo. Walipokuwa vijana walikaa pamoja siku 7, kisha wakapotezana kwa miaka 15, na muda wote huo kila mmoja alikuwa akimchora mwenziwe ndani ya vitabu vyake. Eva anaugua kipandauso kisichomwachia na amejifunza kukificha. Williams anakijua kwa mwili wake mwenyewe, na kurasa za maumivu hayo zinaonyesha. Shane alikuwa mlevi. Hapa ndipo mwandishi alipotumia busara: Shane ameshaacha pombe kabla hajaja kumtafuta Eva. Hakumgeuza mpenzi wake kuwa dawa.

Mwaka mmoja kabla, Sonali Dev alikuwa ameichukua Persuasion yenyewe na kuipeleka California. Katika Recipe for Persuasion Anne amekuwa Ashna, mpishi anayeshikwa na hofu ya kumtoa jasho akijaribu mapishi yasiyo ya marehemu baba yake, na Wentworth amekuwa nyota wa kandanda anayepangiwa naye katika shindano la upishi la televisheni. Kurudiana kunakogusa zaidi humo, kwa maoni yangu, ni kule kwa Ashna na mama yake.

Kwetu, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi Adam (1999) inamwonyesha Yasmin, msichana wa Zanzibar aliyeozwa kwa mwanamume anayemzidi umri kwa mbali. Nafasi yake ya pili haianzi kwa kumrudia mtu. Inaanza siku anayotoka nyumbani kwa mume huyo. Riwaya hiyo ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto.