Mtumwa, Mtume na Njia ya Tunduma

Neno mkombozi, kabla halijapata makao katika nyimbo za kanisani, lilikuwa neno la sokoni. Aliyekwenda kumkomboa mtu alikwenda na kitu mkononi, fedha au nguo au pembe, akakihesabu mbele ya yule aliyemshika mtu wake, na mali ile ikaitwa makombozi. Wala halikuwa jambo la vitani peke yake, kwani hata mtoto aliyewekwa rehani mwaka wa njaa kwa deni la mjomba wake alikombolewa vivyo hivyo, kama jembe linavyokombolewa kwa mkopeshaji. Msomaji wa leo, ambaye neno hili humfikia Jumapili likiwa limekwisha kupakwa manukato, huenda akadhani kuwa utumwa wa dhambi ni tamathali iliyotungwa na wanazuoni. Watu wa kwanza kuhubiriwa Injili katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 huitwa Mkoa wa Songwe hawakuwa na haja ya kufasiriwa tamathali hiyo, maana waliijua kwa shingo zao.

Tunduma imekaa katika ushoroba ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na kabla hapajawa na mpaka wala forodha, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, ndimo ilimopita misafara ya pembe na ya watu. Wabemba waliwashambulia Wanyamwanga na Wanyiha na kuchukua mateka; na kule Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, alikuwa na boma lake hata aliponyongwa na Waingereza mwezi wa Desemba 1895. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakajenga Utengule mwaka 1895 na Mbozi mwaka 1899, ilhali Waskoti walikuwa wamekwisha kukaa Mwenzo, upande ambao leo ni wa Zambia.

Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Kimoravian, aliandika maisha ya wanawake wa zama hizo, miongoni mwao Narwimba na Sichyajunga, kama walivyoyasimulia wenyewe. Kila niyasomapo, ukali wa watekaji haunistaajabishi sana kama linavyonistaajabisha lile walilolitafuta wanawake hao. Narwimba, alipofiwa na mumewe, alimwomba kwa kinywa chake jamaa wa marehemu amrithi awe mkewe, kwa kuwa mjane asiye na wa kumtetea aliweza kutolewa na yeyote kulipia deni lolote. Sichyajunga alitekwa angali mtoto, akapita mikononi mwa watu wengi, hata akapata makao kwenye misheni, na kitabu chake kilipochapishwa Ujerumani kilipewa jina lenye maana ya maisha yasiyotulia. Mtu asiye na bwana wala jamaa, katika nchi ile, hakuwa huru hata kidogo, alikuwa windo.

Jambo hili halina budi kushikwa kabla hatujamfikia Mtume Paulo. Sisi neno huru tumelizoea kwa maana ya kutoamriwa, na tangu 1961 lina harufu ya bendera. Walakini Waswahili wa kale, walipotaka kumtaja aliye kinyume cha mtumwa, walisema mwungwana, yaani mtu mwenye nasaba, mtu mwenye kwao. Ndilo neno walilolichagua wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 kwa ajili ya Sara, pale Paulo, katika waraka kwa Wagalatia, anapomlinganisha na Hajiri mjakazi. Na kwa kadiri ya maarifa yangu haba nadhani walichagua vyema, kwa sababu hoja nzima ya sura ile ni nani aliye mtoto wa nyumbani na nani asiye mtoto, nani atakayerithi na nani atakayeondoshwa.

Basi katika sura ya sita ya Warumi, ambayo ndiyo shina la mafundisho ya utumwa wa dhambi, Paulo hampi mwanadamu mahali pa kusimama katikati. Huuliza swali moja tu: ni nani unayemtii? Aliyetoka katika mkono wa dhambi ametiwa katika mkono wa haki, na Paulo, kana kwamba ameona wasikilizaji wake wakikunja uso kwa kuitwa watumwa mara ya pili, akakiri kwamba asema kwa namna ya kibinadamu kwa sababu ya udhaifu wao. Tofauti ya mabwana hawa wawili imo katika malipo: wa kwanza hutoa ujira, na ujira wake ni mauti, wa pili hana ujira, hutoa karama, kama mzazi ampavyo mwanawe chakula pasipo kukiandika daftarini.

Hapa lugha yetu imebahatika kuliko Kiyunani chenyewe. Paulo auanzapo waraka huo hujiita mtumwa kwanza, kisha mtume, na katika lugha aliyoiandikia maneno hayo mawili hayana udugu; katika Kiswahili yamezaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Fauka ya hayo, neno ibada tulilolipokea kwa Waarabu limetoka katika shina la abd, ambaye ni mtumwa, hata mtu asemaye kwamba anakwenda kuabudu amekwisha kutangaza, ajapokuwa hajui, kwamba anakwenda kwa bwana wake.

Lakini dhambi humshikaje mtu, maadamu haina kamba wala bunduki? Jawabu nilipendalo ni la Agostino, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, ambaye katika Maungamo yake aliupima mnyororo pete kwa pete: nia iliyopotoka huzaa tamaa, tamaa ikitumikiwa huzaa mazoea, na mazoea yasipopingwa huwa lazima. Nenda Tunduma uyaone haya, mahali ambapo malori ya Zambia na Kongo hujipanga barabarani na vijana hupita na mabunda ya kwacha mkononi. Mama muuza nyanya huchukua ule mkopo ambao watu wameuita kausha damu. Mtaji wake unakwenda katika ada ya shule, rejesho linadaiwa kila siku, naye akachukua mkopo wa pili ili kuufunga wa kwanza. Sisemi kwamba kukopa ni dhambi, na aghalabu dhambi iko kwa mkopeshaji. Natazama mwendo wake tu. Hakuna aliyemlazimisha. Mara ya kwanza alitia sahihi kwa hiari, mara ya pili kwa hiari kidogo, mara ya tatu kwa kuwa hapana njia nyingine, na kila sahihi ni ya mkono wake mwenyewe.

Haya yote yana hatari yake, nayo ni kwamba uhuru wa roho umewahi kuhubiriwa ili mwili ubaki kifungoni. Wamoravian hao hao, waliotuma wajumbe wao wa kwanza mwaka 1732 kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, walinunua shamba kisiwani mwaka 1738 pamoja na watumwa waliokuwamo, na kiongozi wao Zinzendorf, alipowaaga mwaka 1739, aliwausia wawatii mabwana zao. Hata huku kwetu, serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa, ila iliamuru kwamba wana wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza, mwaka 1922. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, Mkristo wa Mbozi aliweza kuambiwa kanisani kwamba Kristo amemweka huru, na sheria ya nchi ikawa bado inatambua kuwako kwa mtumwa.

Je, Paulo alikubali mgawanyo huo? Upo waraka mmoja mfupi mno, ambao wahubiri wengi huuruka, aliomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtumwa wake aliyekuwa amemtoroka. Paulo alimrudisha kwa bwana wake, jambo ambalo limewatia uzito wasomaji wa karne nyingi, mimi nikiwamo; ila alimrudisha akiwa na barua iliyotaka apokewe kama ndugu mpendwa, tena kama Paulo mwenyewe. Na likiwapo deni, asema, liandikwe katika hesabu yake yeye. Mahali hapo aliishika kalamu kwa mkono wake, akaahidi kulipa. Jawabu la Filemoni halikutufikia.