Vumbi la chumvi, na kikohozi kinachovuka Ruvuma

PALMA, Msumbiji. Upepo wa kusi ukishika kasi, tambarare zilizo nyuma ya mikoko katika pwani hii hukauka na kubaki na ukoko mweupe wa chumvi. Ukikanyagwa, ukoko hupasuka. Ongeza barabara ya vumbi inayokwenda kivukoni Namoto, ng'ambo ya Kilambo, na mfanyabiashara anaingia Mtwara kope zikiwa zimebadilika rangi.

Je, vumbi hili lina sumu? Si kama lile la Aral, kule Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1960 Aral lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito yake miwili ikaelekezwa kwenye mashamba ya pamba, na kufikia 2007 ilibaki takriban sehemu moja ya kumi ya eneo lake. Upepo ukazoa chumvi na mabaki ya dawa za mashambani hadi vijijini, na maradhi ya kifua yakazidi. Kwetu angalau bamvua hurudi na kulowesha tambarare.

Lakini chembe ndogo ni chembe ndogo. Zenye chini ya mikroni 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Kanga uliyojifunga puani huzuia mchanga, si hizo. Mwenye pumu avae barakoa inayobana vizuri, na kibanda kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi imo katika neno "vumbi" lenyewe. Mtu anakohoa zaidi ya wiki mbili, anasema ni vumbi la njiani, ananunua dawa ya kikohozi na safari inaendelea. Msumbiji na Tanzania zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Vita vilivyoanza 2017 viliharibu vituo vingi vya afya Cabo Delgado, kwa hiyo anayefika Mtwara apime hukohuko. Dawa hutolewa bure pande zote mbili za mto.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na mwenye duka huku na mzigo kule huruka dozi kirahisi. Kabla ya kuvuka, omba dawa za siku zote utakazokuwa ng'ambo, na beba kadi yako. Mhudumu wa Palma huenda akaongea Kireno, ila rifampisini na aisoniazidi atazitambua.